Jasusi ni wa nani? Kesi ya James Bond na vijana wetu wanaoandika filamu

Tangu kipindi cha vijana cha Jumamosi, swali moja linarudi kila mara kwenye simu ya redio. Kikundi kimoja cha maigizo hapa Butembo, ambamo muna watoto wa mji na watoto wa familia zilizokimbia vita kutoka Beni na Lubero, kinataka kutengeneza upya filamu ya James Bond kwa Kiswahili. Jasusi atakuwa mtoto wa kwetu, atafanya kazi kati ya Butembo na mpaka wa Kasindi, na atapanda pikipiki mahali pa ile gari ya bei kali. Wanauliza: kuna mtu wa Ulaya atakayekuja kutushitaki?

Kusema ukweli, sidhani kama kuna atakayepanda ndege kwa ajili hiyo. Lakini naona wanaogopa upande usiofaa. Hatari kubwa iko kati yao wenyewe, vijana sita wanaoandika ndani ya kaye moja, na iko kati yao na yule mtu atakayekuja siku moja na kamera nzuri kuliko yao. Na wa kuwafundisha jambo hilo ni huyo huyo James Bond.

Wengi wetu tunadhani filamu za Bond ni mali ya nyumba moja tangu mwanzo. Sivyo. Ian Fleming, Mwingereza aliyekuwa muandishi wa habari na aliyefanya kazi katika upelelezi wa jeshi la majini wakati wa vita kuu ya pili, alitoa kitabu cha kwanza cha Bond, Casino Royale, mwaka 1953. Halafu akaanza kuuza haki vipande vipande, kama mtu anayeuza shamba kwa hatua. Mwaka 1954 televisheni ya CBS ya Marekani ililipa dola 1,000 kuonyesha hadithi hiyo. Mwaka 1955 alimuuzia Gregory Ratoff haki ya kutengeneza filamu kwa dola 6,000. Ratoff alikufa mwaka 1960 bila kuitengeneza, haki zikapita mikono mingine, na mwaka 1967 ikatoka filamu ya kuchekesha watu. Broccoli na Saltzman, wale waliotengeneza filamu za Bond tunazozijua, hawakuweza kukigusa kitabu cha kwanza cha Bond wao. Walioshika kazi hiyo nyuma yao walikifikia mwaka 2006, na Daniel Craig. Hesabu mwenyewe: miaka 53, kwa sababu ya dola 6,000.

Lakini kesi inayoniuma zaidi ni ya Thunderball.

Mwaka 1958 na 1959 Fleming alikaa na watu wengine kutunga filamu. Kulikuwa na Kevin McClory, kijana kutoka Ireland aliyetaka kuwa mtayarishaji, na Jack Whittingham, muandishi wa filamu ambaye ufundi wake ulikuwa huo. Wakazungumza, wakaandikiana barua, wakabadilishana kurasa. Whittingham akaandika mchezo wenyewe. Pesa ya kutengeneza filamu haikupatikana. Basi Fleming akarudi kwenye nyumba yake ya Jamaika, akaketi, akaigeuza ile kazi kuwa kitabu. Kilitoka mwaka 1961. Juu yake jina moja tu, lake.

McClory na Whittingham wakaenda mahakamani London. Kwanza walijaribu kuzuia kitabu kisitoke. Ilishindikana, kwa sababu nakala zilikuwa zimekwisha kusambazwa. Kesi yenyewe ikasikilizwa Novemba 1963, na baada ya siku chache pande mbili zikapatana. McClory akapata haki ya filamu ya Thunderball. Fleming akabaki na kitabu, lakini nakala zilizofuata zilipaswa kusema kwamba hadithi ilitokana na kazi ya watu watatu. Fleming alikuwa mgonjwa wa moyo. Alikufa Agosti 1964, ana miaka 56.

Na Whittingham? Alikuwa amejiondoa kama mshitaki kabla ya siku ile, maana gharama zilimzidi. McClory aliweza kuendelea kwa sababu mke wake alitoka katika familia tajiri. Mwenye kuandika kurasa alipata jina lake kwenye kitabu. Haki ya filamu ilibaki kwa mwenye uwezo wa kulipa avoka mpaka mwisho. Nikisoma hapo, siwazi London. Nawaza wale vijana sita, na nani kati yao ana baba mwenye duka.

Filamu ya Thunderball ilitoka mwaka 1965, McClory akiwa mtayarishaji, na akakubali kungoja miaka kumi kabla ya kuitengeneza tena. Aliitumia ile haki kweli. Mwaka 1983 ikatoka Never Say Never Again, ni hadithi ile ile imetengenezwa upya, na Sean Connery yule yule, sasa akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Mwaka huo huo Roger Moore alikuwa kwenye Octopussy. Bond wawili sokoni! Mukiiangalia ile ya Connery vizuri, mutaona kuna vitu havimo: ule muziki munaoujua haumo, na ile duara nyeupe ya mwanzo, Bond anageuka na kupiga risasi, haimo. Hivyo vilikuwa vya wale wengine. Nao wale wengine hawakuwa huru: katika filamu yao ya 1977, The Spy Who Loved Me, walilazimika kuacha kutumia kile kikundi cha wabaya kiitwacho SPECTRE, kwa sababu McClory alisema ni chake. McClory alikufa mwaka 2006. Mwaka 2013 ndipo haki zake zilinunuliwa kutoka kwa warithi wake, na mwaka 2015 ikatoka filamu yenye jina Spectre. Zaidi ya miaka hamsini ya ugomvi, na chanzo chake ni watu waliotunga pamoja bila kuandika wazi tangu siku ya kwanza nani ana nini.

Sasa turudi nyumbani. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Kuna shirika la SOCODA, lililoundwa mwaka 2011, ambalo kazi yake ni kukusanya pesa za watunzi na wasanii. Ninajua munacheka. Msanii wa huku akisikia SOCODA anauliza kama wana ofisi ya kulipa au ya kutoza tu, na sina neno la kumpinga. Lakini sheria ipo, na inasema jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui: wazo tupu halina mwenyewe, lakini kazi iliyoandikwa au kurekodiwa ina mwenyewe.

Kwa hiyo kikundi chetu kinaweza kuchukua jasusi. Kinaweza kuchukua mpaka, magendo, mwanamke asiyeaminika, tajiri anayetaka kununua mji mzima. Hivyo havina mwenyewe. Hakiwezi kuchukua jina James Bond, namba 007, ule muziki, wala kufuata filamu tukio kwa tukio. Kuna mtu wa Mutwanga aliyenipigia akisema Fleming amekufa zamani, basi vitabu vyake ni vya wote. Ana sehemu ya haki. Sheria yetu inahesabu miaka 50 baada ya kifo cha muandishi, na kwa nchi zinazohesabu hivyo vitabu vya Fleming vilifunguka mwanzoni mwa 2015. Kule Kanada, waliokuwa wanahesabu 50 wakati ule, waandishi walitoa kitabu cha hadithi mpya za Bond. Ulaya wanahesabu 70. Ila kitabu si filamu: filamu zina wenyewe, na siku mutakapoweka yenu kwenye intaneti itakuwa imevuka mipaka yote kabla ya chai kupoa.

Kutengeneza upya kwa njia ya haki kunawezekana, na si aibu. Ile True Lies ya mwaka 1994, ambayo ndani yake Schwarzenegger (huku tunamwita Komando mpaka leo) ni jasusi anayemficha mke wake kazi yake, ilitoka kwenye filamu ya Kifaransa, La Totale!, ya mwaka 1991. Wamarekani hawakuficha. Waliwataja waandishi Wafaransa kwenye filamu yao.

Vyumba vya video nitavipita haraka. Najua filamu zote zinazoonyeshwa mule ni nakala za flashi, na sauti za watafsiri kama DJ Afro wa Kenya zimepandishwa juu bila mtu kuomba ruhusa Hollywood. Sitamwambia mtoto aliyelala kwenye shule iliyofungwa, ambaye amepata faranga mia tano za kusahau vita kwa saa mbili, kwamba yeye ni mwizi. Anayetaka kuanza kazi ya haki za watunzi aanze na wenye uwezo: redio zinazopiga nyimbo za watoto wa hapa bila kulipa, pamoja na sisi, na mashirika.

Ndiyo, mashirika. Kikundi kimoja cha wamama waliohama makwao kilitunga mchezo mfupi kuhusu mwanamke anayesingiziwa kuwa mpelelezi kwa sababu alifika usiku na hakuna aliyemjua. Wenye kukaa kwenye site wanajua kwamba huku kwetu neno jasusi si mchezo. Mtu anafika na godoro kichwani, na kabla hajapewa maji ameshaitwa jasusi wa upande fulani. Bond anavaa suti na kumtajia kila mtu jina lake. Wa kwetu anaogopa hata kusema anatoka kijiji gani. Mchezo wa wale wamama ulikuwa na nguvu kuliko filamu nyingi nilizoona. Shirika moja likaja, likarekodi, likatoa sabuni na soda. Baadaye mchezo ule ukaonyeshwa mahali pengine, maneno yale yale, na mwisho wake kulikuwa na majina ya mpiga picha, dereva na wafadhili. Jina la kikundi halikuwamo. Mama mmoja aliniambia: «Mwanangu, hata wakati ule tulikimbia tulibeba majina yetu.»

Mutaniambia njaa kwanza, haki za mtunzi baadaye. Nimelisikia neno hilo hata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini mtu aliyepoteza shamba, mbuzi na nyumba, kitu kilichobaki mkononi mwake na chenye thamani mbele ya wageni ni kisa chake. Kama hicho nacho kinachukuliwa kwa sabuni, njaa hiyo haitaisha.

Basi kabla ya kuwasha kamera, kikundi kikae, kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye: nani alileta wazo, nani aliandika, nani anaigiza, pesa ikipatikana itagawanywa namna gani, na mtu akihama tena kwa sababu ya vita sehemu yake itashikwa na nani. Huo wa mwisho musiuruke, London hawakuwa na tatizo hilo. Tarehe, sahihi za wote, na asiyejua kuandika aweke kidole mbele ya shahidi. Kila mmoja abaki na picha ya karatasi kwenye simu. Akija mgeni wa kurekodi, aandike naye kwamba majina yatatajwa, na kama atataka kuonyesha mahali pengine au kuibadilisha arudi kuuliza. Akikataa kusinya, aende na kamera yake.

Na jambo lingine ambalo halihusu haki za watunzi, lakini nisiposema sitalala: musivae mavazi ya jeshi, musichukue picha karibu na barriere wala kwenye kambi ya askari, na mupite kwanza komine kutoa habari. Bunduki za mbao nazo zimekwisha kuwapeleka watu pabaya.

Jumamosi hii saa nane mchana avoka atakuwa studioni kujibu maswali. Walio kwenye site bila simu, muandike swali kwenye karatasi na kumpa kiongozi wa block. Nitapita kuzichukua Ijumaa. Kikundi cha jasusi wa Kasindi kije na kaye yake.