Auni kwa Waliovunjika Uti wa Mgongo

Mkwezi aliyepanda mnazi alfajiri kuangua nazi akateleza, na kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori, huenda wasitoke hata tone la damu. Lakini ugwe wa mgongo ukikatika, miguu haisikii tena amri ya akili, na umri uliosalia hutegemea mno nchi ambamo ajali ilitokea. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na dhara hili, na aghalabu wanaokufa mapema ni wa nchi maskini, si kwa sababu mifupa yao ni dhaifu, bali kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya mkojo, ambayo yote mawili yanazuilika.

Hata Uingereza, zamani, mgonjwa wa namna hii alihesabiwa katika wafu. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alipokabidhiwa wodi ya hospitali ya Stoke Mandeville mwaka 1944, hakuwa na dawa ya kuunga ugwe uliokatika, wala hakuna aliye nayo hata leo. Alikuwa na sharti tu kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili ngozi isioze, na kwamba kibofu kitunzwe kwa usafi ili figo zisiharibike. Kwa matunzo hayo waliokatiwa tamaa wakaishi, wakafanya kazi. Na tarehe 29 Julai 1948 askari 16 waliojeruhiwa, wake kwa waume, wakashindana hapo kwa upinde na mishale, mwanzo wa michezo iitwayo sasa Paralimpiki. Ilimu iliyookoa Waingereza ililetwa na mkimbizi, nami sijui hoja bora kuliko hiyo ya kushirikiana mataifa kwa mataifa.

Kwetu Nairobi ina hospitali mahsusi ya majeraha ya uti wa mgongo, na Dar es Salaam Taasisi ya Mifupa Muhimbili imeshirikiana kwa miaka mingi na wapasuaji wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York. Fadhila hiyo naiheshimu na kuishukuru. Lakini upasuaji ni kazi ya saa chache, ilhali kumgeuza mgonjwa ni kazi ya kila usiku, nayo humwangukia muuguzi mwenye vitanda vingi, kisha mama kijijini ambaye hakufunzwa na mtu namna ya kukagua ngozi ya mwanawe wala kusafisha mpira wa mkojo. Lau ningeulizwa na wafadhili, ningewaomba wafunze wauguzi na jamaa za wagonjwa kwanza, walete magodoro, mipira ya mkojo na viti vya magurudumu viwezavyo njia za mchanga, ndipo wafikirie mitambo. Serikali zetu nazo zisingoje msaada wa mgeni ili kuwalazimisha madereva kwenda polepole.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ukimkuta aliyeanguka au kugongwa, analalamika shingo au mgongo, usikubali abebwe mzobemzobe na kukunjwa ndani ya gari. Tafuteni ubao au mlango, mshikeni kichwa kisicheze, mwinueni pamoja, watu wanne au zaidi, akiwa amenyooka.