Usimjaribie Mwenzio Programu Simuni Mwake

Siku hizi wenzetu wengi wanajifunza kutunga programu za simu, nami ni mmoja wao. Jambo hili ni la sifa. Lakini nataka kuwaonya juu ya kosa moja, maana nimelifanya mwenyewe.

Likizo iliyopita, hapa Ujiji, nilitunga programu ya kuandika madeni. Nilitumia Android Studio, ambayo Google huitoa bure, katika kompyuta ya kaka yangu. Nikaiweka katika simu ya mama mdogo, muuza dagaa wa Kibirizi. Akafurahi, akaliacha daftari lake.

Baada ya wiki mbili nikaona programu inakosea kujumlisha. Kaka alikwisha safiri na kompyuta yake, basi nikaisahihisha katika kompyuta ya rafiki. Simu ikaikataa programu mpya. Kwa haraka nikaifuta ya zamani, na mpya ikaingia. Tulipoifungua, madeni yote ya wiki mbili hayamo!

Sababu niliijua baadaye. Kila programu ya Android hutiwa saini. Ile ya majaribio hupewa saini ya kompyuta iliyoitengeneza, na kila kompyuta ina yake. Programu mpya ikija na saini nyingine, simu huikataa isichukue nafasi ya ile ya kwanza. Tena ukiifuta programu, yaliyohifadhiwa ndani yake hufutika pamoja nayo. Basi simu haikukosea. Ilikuwa ikimlinda mama mdogo, mimi nikauvunja mlango.

Yeye hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, daftari langu halijapata kunisahau." Wadaiwa wengine walikiri, wengine wakanyamaza, nami mwanafunzi sina cha kumlipa.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, jaribu programu katika simu isiyo na kazi, na masahihisho yake uyajaribu humo humo, uone kama kumbukumbu zinabaki. Pili, itunze saini yako kama ufunguo wa nyumba. Tatu, mwenye simu asiache daftari mpaka programu imalize miezi bila kosa. Nne, ile ruhusa ya kuweka programu zisizotoka dukani ifungwe mara umalizapo, wasije wabaya wakapitia hapo.

Watu husema kosa ni mwalimu. Ni kweli, lakini ada ya mwalimu wangu ililipwa na mama mdogo.