Vumbi la nguo, hasara iliyojificha katika mashine ya kukaushia

MASHINE ya kukaushia nguo hununuliwa ili kuokoa muda, lakini isipotunzwa hugeuka mzigo wa gharama za umeme na wakati mwingine chanzo cha moto. Yaliyotokea Marekani na Uingereza yanaonyesha kuwa hatari huanzia kwenye kitu ambacho wengi hukiona ni uchafu tu: nyuzi laini zinazotoka kwenye nguo wakati wa kukaushwa.

Ndani ya mashine, hewa hupashwa joto na kusukumwa na feni kupitia pipa linalozungusha nguo, kisha hutoka ikiwa imebeba unyevu pamoja na nyuzi. Nyingi hunaswa na chujio, lakini nyingine hupenya na kujikusanya kwenye bomba la kutolea hewa na kuzunguka pipa. Zikiwa kavu, hushika moto kwa urahisi. Bomba likiziba, joto hupanda huku nguo zikibaki na unyevu, na mwenye nyumba hulazimika kuiwasha mashine mara ya pili.

Nchini Marekani, taarifa ya serikali kuu kuhusu moto wa mashine hizo majumbani ilikadiria kuwa kati ya mwaka 2008 na 2010 kulikuwa na matukio 2,900 kila mwaka, yaliyoua watu 5, kujeruhi 100 na kuteketeza mali ya Dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafishwa.

Kwa takwimu hizo, mtu angeweza kumtupia mtumiaji lawama zote. Hata hivyo, Uingereza inaonyesha upande wa pili. Novemba 2015, kampuni ya Whirlpool ilitangaza kuwa baadhi ya mashine zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zikiwamo za Hotpoint, Indesit na Creda, zilikuwa na kasoro iliyoruhusu nyuzi kufika kwenye kipasha joto. Zaidi ya mashine milioni 5 zilihusika, na hapo chujio safi pekee lisingetosha.

Wateja waliambiwa wasubiri fundi, na kwamba wangeweza kuendelea kuzitumia mradi wasiziache bila mtu. Agosti 2016, mashine ya aina hiyo ilizusha moto katika jengo la ghorofa 18 huko Shepherd's Bush, London, na familia nyingi zikayakimbia makazi yao. Ushauri ulibadilishwa Februari 2017, wateja wakatakiwa kuacha kuzitumia hadi zitakaporekebishwa. Mwaka 2019 serikali iliingilia kati, na kampuni ikatakiwa kuziondoa majumbani zile ambazo hazijarekebishwa, zilizokadiriwa kufikia 500,000.

Suala hilo linawagusa pia wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Familia nyingi huanika nguo juani, lakini hoteli, hospitali na madobi wa mijini hutegemea mashine, hasa wakati wa masika. Anayenunua iliyokwisha kutumika Ulaya hana uhakika wa kupata onyo lililotumwa kwa mnunuzi wa kwanza. Kabla ya kulipa, inafaa alinganishe namba ya toleo na orodha za mashine zilizotangazwa kuwa na kasoro.

Hasara ya umeme nayo si ndogo. Mashine ya wati 2,500 ikipasha joto kwa saa moja hutumia yuniti 2.5. Dobi anayekausha mizigo 10 kwa siku, akiongeza nusu saa kila mzigo kwa sababu ya bomba lililoziba, anaweza kupoteza yuniti 12.5 kwa siku.

Kinga yake ni nafuu. Chujio lisafishwe kila baada ya mzigo, na lioshwe likipata utando wa vilainishi vya nguo. Bomba liwe la chuma, fupi, lisilo na kona nyingi, litoe hewa nje ya nyumba na lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Nguo zikamuliwe vizuri kwanza, kwa kuwa kukamua hutumia umeme mdogo kuliko kupasha joto.

Aidha, vitambaa vyenye petroli visiingizwe kabisa, na vile vya jikoni vilivyolowa mafuta ya kupikia vianikwe nje, kwani mafuta hayo yanaweza kujipasha joto hadi kuwaka hata baada ya mashine kuzimwa. Mashine isiachwe ikifanya kazi watu wakiwa wamelala au wametoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtumiaji ana wajibu wa kusafisha, lakini muuzaji na mtengenezaji nao wana wajibu wa kusema mapema pale kasoro inapokuwa ndani ya mashine yenyewe, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki.