Nimetua, Natoka Sasa Hivi

Mwezi uliopita tuliongea kuhusu wapenzi wanaokaguana simu, na ujumbe wenu bado unamiminika mezani kwangu. Wengi mmenisema, wachache mmenisifia, wote nawashukuru. Mwezi huu naomba tuhamie uwanja wa ndege. Ndiyo, uwanja wa ndege! Usikimbilie ukurasa wa mapishi, kaa hapa kwanza.

Kuna uongo mmoja ambao karibu kila msafiri ameshawahi kumwambia mwenzi wake, na mimi ni wa kwanza kukiri. Ndege ikigusa lami tu, kabla hata taa ya mikanda haijazimwa, simu mkononi: "Nimetua, natoka sasa hivi." Hiyo "sasa hivi" ndiyo nataka tuijadili leo, maana mwaka 2022 nusura iniharibie mambo nyumbani kwangu.

Nilikuwa natoka Johannesburg kwenye mafunzo ya wiki tatu. Tulitua Dar saa 2:20 usiku. Nikamtumia mume wangu ule ujumbe wetu maarufu, nikaweka na kopa tatu. Dakika mbili baadaye simu ikazima, chaji imekwisha.

Sasa sikia nilichofanya. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye foleni ya pasipoti, nikaingia chooni. Mtu hajaniona wiki tatu, nitoke na uso uliokunjamana? Nikanawa, nikapaka poda, nikabadilisha blauzi, nikahangaika na nywele. Kuja kutoka, ndege nyingine nayo imeshusha abiria wake. Foleni ambayo ningekuwa mtu wa kumi, nikajikuta sioni hata mwanzo wake. Nikasota.

Kufika kwenye mkanda wa mizigo, begi langu jeusi halipo. Limebaki begi moja tu, nalo jeusi, linazunguka peke yake kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Siyo langu. Kumbe kaka mmoja mwenye haraka zake alibeba la kwangu akijua ni la kwake. Bahati yangu aligundua kule kwenye maegesho, funguo ilipokataa kuingia kwenye kufuli. Akarudi mbio mlangoni, jasho linamtoka, pole nyingi. Tukabadilishana. Mpaka natoka nje ilikuwa saa 4:05. Saa nzima na dakika 45 baada ya "sasa hivi" yangu!

Mume wangu alikuwa amesimama pale kwenye uzio, mikono mfukoni. Nikamrukia. Akanikumbatia kidogo, akachukua begi. "Pole na safari." Basi. Hajasema umependeza, hajasema nimekukumbuka. Tulipofika kulipia maegesho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una hela ndogo hapo?"

Mpenzi msomaji, nilipandwa na hasira. Nimejipodoa, nimekuja na shati lako zuri kwenye begi, halafu salamu yako ni kuniomba hela ya maegesho? Nikamwambia, "Baba, hata hiyo huna?" Hakunijibu. Alipekua mifuko yote miwili, akapekua kule kwenye dashibodi tunakoweka chenji, akalipa. Tazara tukaliacha daraja, tukakata kushoto kuelekea Buguruni, mpaka tunafika Tabata hakuna aliyefungua mdomo. Nikalala nimempa mgongo.

Siku tisa baadaye ndipo aliponiambia. Kazini kwake walikuwa wamepunguza watu nikiwa safarini, na yeye jina lake lilikuwemo. Hakutaka kuniambia kwa simu nikiwa ugenini peke yangu. Alipanga aniambie palepale uwanjani, kabla hatujafika nyumbani ambako mama mkwe na wadogo zangu walikuwa wananisubiri na pilau. "Nilikuwa na maneno yangu yote," akaniambia. "Nusu saa ya kwanza nilikuwa nayo. Nikaanza kuona wenzako wanatoka, nikawauliza, wakasema ndege ya Johannesburg watu wameshaisha. Simu yako haipatikani. Maneno yakaanza kuniisha. Halafu ukatoka umependeza vile, nikasema huyu hata sijui nianzie wapi."

Sikuwa na la kumjibu. Siku tisa mume wangu alikuwa akiamka asubuhi, anavaa shati la kazini, anaondoka, na mimi nimenuna kwa sababu ya hela ya maegesho.

Je, kosa lilikuwa la nani? Nimeshalifikiria sana hilo swali, na jibu nililopata ni kwamba mimi na yeye hatukuwa tumesubiri kitu kimoja. Aliye ndani ana shughuli. Anatembea, anajaza karatasi, anapanga foleni, anatolea macho mkanda. Muda unakwenda. Aliye nje hana la kufanya zaidi ya kuangalia mlango. Mwaka 1985 bwana mmoja aitwaye David Maister aliandika makala kuhusu watu wanavyosubiri huduma, na mambo aliyoyasema yanatuhusu kabisa: kusubiri bila shughuli kunaonekana kurefu kuliko kusubiri ukiwa na la kufanya, kusubiri usichojua kitaisha lini ni kurefu kuliko kusubiri unachokijua, na ukiwa na wasiwasi ndiyo kabisa. Mume wangu alikuwa na vyote vitatu kwa mpigo. Dakika zangu 105 kwake zilikuwa usiku kucha.

Kwa hiyo tufanye hesabu ya kweli. Ndege ikigusa chini, bado inatambaa mpaka kwenye maegesho yake, milango ifunguliwe, na aliyekaa viti vya nyuma asubiri wa mbele washushe vibegi vyao. Kwa safari ya nje ya nchi, kuna kukaguliwa kadi ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo (ile kadi ya njano, tangu Julai 2016 chanjo yake inatambuliwa maisha yote, kwa hiyo usiitupe). Kuna pasipoti. Kuna mzigo, na ndege kubwa mizigo yake inapakiwa kwenye makontena ambayo lazima yashushwe, yavutwe, yafunguliwe. Mwisho kuna watu wa forodha. Hakuna hata hatua moja hapo ambayo ni ya "sasa hivi". Mimi siku hizi nikitoka nje ya nchi na begi la kupakia, namwambia anayenipokea saa moja na nusu tangu kutua. Nikiwahi, ni zawadi. Nikichelewa, hajafa kwa presha.

Haya, tusiishie kulalamika. Haya hapa ninayoyafuata, na ndoa yangu bado iko salama:

Kwanza, badilisha ujumbe. "Nimetua" maana yake ni kwamba ndege haijaanguka, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini siyo ishara ya mtu kuwasha gari. Ujumbe wa kutoka nao nyumbani ni "nimegongewa muhuri". Ujumbe wa kusogea mlangoni ni "nimeshika begi".

Pili, linda chaji. Simu iliyozimika ndiyo iliyonimaliza mimi. Ukiwa ndani ya ndege achana na muziki nusu saa ya mwisho, au tembea na chaja ya akiba. Ni bora utoke umechakaa lakini unapatikana.

Tatu, begi lako lipe alama. Nusu ya dunia ina begi jeusi. Funga kipande cha khanga kwenye mkono wa begi, utaliona toka mbali na hakuna kaka atakayelibeba.

Nne, mchakato wa kujiremba ufanyike angani. Ndege ikianza kushuka watu wanapanga foleni ya choo, wewe uwe umeshamaliza. Ukishatua, miguu iende kwenye foleni. Mwenye mgeni au mchumba wa kigeni amkumbushe pia kwamba tangu 2018 viza ya Tanzania inaweza kuombwa kwa mtandao kabla ya safari, apunguze shughuli za pale.

Tano, muulizeni mnayempokea anatua jengo gani! Hapa Dar, Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere lilipofunguliwa Agosti 2019, safari za nje zilihamia huko. Jengo la Pili, lile la tangu 1984 lililochorwa na Mfaransa Paul Andreu, likabaki na safari za ndani. Anayetoka Dubai na anayetoka Mwanza hawatokei mlango mmoja.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote: usipange mazungumzo mazito kwenye mlango wa uwanja wa ndege. Anayefika amechoka, anayepokea amesimama mpaka miguu inawaka moto, na mita ya maegesho inasoma. Mpokeane kwanza. Mpe maji, mpe kumbatio la kueleweka, msifie hata kama uchovu umemzidi. Na wewe uliyetoka ndani, kabla hujaanza kuhesabu ulichonyimwa, muulize mwenzio swali moja: "Umesubiri sana, eeh? Pole." Mimi sikuuliza. Ningeuliza, nadhani asingebeba ule mzigo siku tisa peke yake.

Mnataka kujua ilivyoendelea? Alikaa miezi saba bila kazi, tukala mshahara mmoja, kigari tukakipaki kwa sababu ya mafuta, nikajifunza kupanda daladala za Tabata na viatu virefu kwenye mkoba. Hatukuachana. Kazi aliyoipata sasa inampeleka Mwanza mara kwa mara, kwa hiyo mambo yamegeuka. Yeye ndiye anayetua, mimi ndiye ninayesubiri.

Mara ya kwanza kwenda kumpokea, nilijipanga ile mbaya. Nimevaa, nimewahi, hela ya maegesho nimeitenga kabisa kwenye mfuko wa mbele. Ujumbe ukaingia: "Nimeshika begi." Nikanyoosha shingo. Wanatoka Wazungu na mabegi ya mgongoni, wanatoka akina mama na maboksi ya kutoka China, mume simwoni. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Moyo umeanza kwenda mbio, nikapiga simu.

"Uko wapi wewe?"

"Nje hapa, nimesimama. Wewe uko wapi?"

Nilikuwa Jengo la Tatu, mpenzi msomaji. Mwandishi wa safu hii, mtu na digrii yangu ya mawasiliano, nimekwenda kumsubiri mtu wa Mwanza kwenye mlango wa watu wa Dubai. Nilipomfikia alikuwa amekaa juu ya begi lake, samaki wa kukaanga wa Mwanza kwenye kiroba, ameshanunua maji chupa mbili. Nikajiandaa kusemwa.

Akanipa chupa moja. "Umesubiri sana, eeh?" akasema. "Pole, mama."

Na wewe je, umewahi kusubiri mlangoni mpaka maneno yakakuisha? Au ni wewe uliyechelewesha ndani? Niandikie kama kawaida, visa vitakavyonigusa nitavijadili hapa hapa bila kutaja majina. Mpaka mwezi ujao, nawapenda wote. Na ukitua, chaji simu!