Nani Anastahili Kuitwa wa Kwanza?



Jumamosi moja jioni, kisha kula, sisi wa mwaka wa sita tulibaki katika refektware mpaka msimamizi akatuzimia taa. Hatukugombana juu ya chakula wala juu ya mitihani. Tuligombana juu ya mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuucheza: futboli ya Marekani, ile wanayochezea mikono zaidi kuliko miguu.

Mwenzetu mmoja ana mkubwa wake anayekaa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, mahali wanapoishi Wakongomani wengi. Huyo mkubwa anapenda sana ekipe ya Detroit Lions, na humtumia mdogo wake sinema fupi za mechi. Sinema zikaleta swali, swali likaleta kelele. Tumeona ni vizuri kuandika swali hilo hapa, sababu tukilitazama vizuri, linatugusa hata sisi.

Swali ni hili: katika mwaka wa 2022, ekipe ya Jacksonville Jaguars ilipewa haki ya kuchagua wa kwanza kati ya vijana wote waliotoka vyuo vikuu. Ikamchagua Travon Walker wa Chuo Kikuu cha Georgia, ikamwacha Aidan Hutchinson wa Chuo Kikuu cha Michigan. Je, Walker alistahili?

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kusudi asiyeujua asipotee. Kila upande una watu 11. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, ni kusema metre 9 na kidogo. Ukishindwa, mpira unakwenda kwa wengine. Anayeongoza upande wenye mpira anaitwa kwotabeki: yeye njo anayepokea mpira, anatazama mbele, na kuutupa kwa mwenzake. Basi upande wa ulinzi huwa na watu ambao kazi yao kubwa ni kuvunja ukuta wa walinzi wake na kumfikia kabla hajatupa. Sisi tuliwaita wawindaji. Mwindaji akimwangusha kwotabeki na mpira ungali mkononi, Wamarekani wanasema amefanya saki. Wakimwangusha wawili pamoja, kila mmoja anahesabiwa nusu.

Sasa uchaguzi. Ekipe za wenye kulipwa ziko 32. Kila mwaka zinagawana vijana wa vyuo vikuu kwa zamu, mizunguko saba, na kwa kawaida iliyoshindwa zaidi ya zote inaanza. Desturi hiyo ilianza mwaka wa 1936. Jacksonville ilikuwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 14 katika msimu wa 2021, njo maana ilikuwa ya kwanza. Detroit, iliyoshinda 3, kupoteza 13 na kutoka sare 1, ilikuwa ya pili. Kuitwa wa kwanza au wa pili si jina tupu: mapatano ya miaka minne ya kila mmoja wa vijana hao wawili yalipita dola milioni 35.

Wengine kati yetu waliuliza: kwa nini umchague mwindaji, wakati kwotabeki njo kichwa cha ekipe? Neno hilo lina nguvu. Toka mwaka wa 2000 mpaka 2025, wawindaji walioitwa wa kwanza walikuwa watano tu. Wengi wa waliobaki walikuwa makwotabeki. Lakini Jacksonville ilikuwa imekwisha kuchukua kwotabeki, Trevor Lawrence, mwaka wa 2021. Tena mwaka wa 2022 hakuna kwotabeki aliyeitwa kabla ya nafasi ya 20, na watano wa kwanza wote walikuwa watu wa ulinzi. Na tukifikiri vizuri: kama kwotabeki ni kichwa, anayeweza kukiangusha kichwa cha adui naye si mtu mdogo. Kwa hiyo swali hilo tuliliweka pembeni. Likabaki lile la kweli: ni mwindaji yupi?

Tuweke hesabu mezani. Katika msimu wa 2021, Hutchinson alifanya saki 14, na hakuna mchezaji wa Michigan aliyefikisha hesabu hiyo katika msimu mmoja mbele yake. Katika mechi na Ohio State, adui wa siku zote, alifanya saki 3, na Michigan ikashinda 42 kwa 27. Katika kura ya tuzo ya Heisman, inayopewa mchezaji bora wa vyuo vikuu, alikuwa wa pili, na tuzo hiyo ni shida sana kumkaribia mtu wa ulinzi. Na tusisahau: mwaka wa 2020 alivunjika mguu kisha mechi chache, akarudi chuoni kuanza tena kazi.

Walker, msimu ule ule wa 2021, alifanya saki 6 katika mechi 15.

Kisha wakaenda kupimwa Indianapolis, mahali vijana wanapokimbizwa, wanapopimwa uzito, urefu na hata mikono. Walker, mwenye kilo 123 hivi, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.51. Ni mutu mzito kuliko wengi wetu wawili pamoja, naye anakimbia vile! Hutchinson, kilo 118 hivi, alitumia sekunde 4.74. Mkono wa Walker una karibu sentimetre 90, wa Hutchinson karibu 82. Mkono mrefu unamsaidia mwindaji kumsukuma mlinzi mbali naye. Hapo njo watu wa Jacksonville walipotazama, wakasema: huyu.

Katika refektware tuligawanyika mara mbili.

Upande mmoja ulisema: «Ule mutu iko na mwili wa ajabu. Mengine atafundishwa. Mwili haufundishwi.»

Upande mwingine ukajibu: «Weye, saki 14 na saki 6, unataka hesabu gani ingine? Tunachagua mutu ao tunachagua metre?»

Wengi wetu tulicheka na kupiga makofi. Lakini mmoja aliyekuwa kimya akaleta neno lililotunyamazisha. Akasema: mumeuliza alitumwa kufanya nini? Kweli, hatukuuliza. Georgia ya mwaka ule ilikuwa na ulinzi wa kuogopesha; wachezaji watano wa ulinzi wake waliitwa katika mzunguko wa kwanza mwaka huo wa 2022. Walipokezana sana uwanjani. Mara nyingi Walker aliwekwa ndani, penye watu wazito, ashike njia ya mbio ili mwenzake apate kwotabeki. Kazi ile haihesabiwi saki. Na tarehe 31 Desemba 2021 ekipe hizo mbili zilikutana uso kwa uso: Georgia ikaipiga Michigan 34 kwa 11, na Hutchinson hakupata saki hata moja. Siku chache baadaye, katika Januari 2022, Georgia ikawa bingwa wa vyuo vikuu kwa kuishinda Alabama 33 kwa 18.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, anayesema kwamba Walker hakufanya kitu anasema uongo. Alifanya kazi aliyopewa.

Tukatazama pia waliotangulia, kusudi tusihukumu kwa mfano mmoja. Mwaka wa 2000 Cleveland ilimwita wa kwanza Courtney Brown wa Penn State. Kazi yake chuoni ilionekana wazi, saki nyingi sana. Lakini majeraha yalimwandama, na katika maisha yake yote ya kulipwa alifikisha saki 19 tu. Basi kazi iliyoonekana nayo inaweza kudanganya. Mwaka wa 2014 Houston ilimwita Jadeveon Clowney wa South Carolina. Alikuwa na mwili wa kushangaza, lakini msimu wake wa mwisho chuoni alifanya saki 3 tu. Akawa mchezaji mzuri wa miaka mingi, lakini katika miaka kumi ya kwanza hakufikisha saki 10 katika msimu hata mmoja. Mwaka wa 2017 Cleveland ilimwita Myles Garrett wa Texas A&M, aliyekuwa na vyote viwili, mwili na kazi; katika msimu wa 2023 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi yote.

Tunaona nini hapo? Hakuna kipimo kisichokosea. Anayechagua lazima akubali kwamba atakosea siku moja. Lakini kuna kukosea na kukosea.

Sasa tutoe maoni yetu bila kuficha. Sisi tunasema: Hutchinson njo aliyestahili kuitwa wa kwanza.

Hatusemi hivi kwa sababu ya yaliyofuata, ingawa yanatusaidia. Katika msimu wa 2022 Hutchinson alifanya saki 9 na nusu, Walker 3 na nusu. Mwaka wa 2023 Walker alikaribia: 10, na mwenzake 11 na nusu. Mwaka wa 2024 Hutchinson alikuwa na 7 na nusu katika mechi tano tu, kisha akavunjika mguu katika mechi na Dallas, mwezi wa Oktoba. Walker akamaliza msimu na 10 na nusu. Wala Jacksonville haikuangamia: msimu ule ule wa 2022 iliongoza kundi lake. Mtu mwenye haki atakubali kwamba Walker si hasara.

Sababu yetu ni ingine. Waswahili wanasema ahadi ni deni. Mwili mkubwa, mkono mrefu, mbio za sekunde chache, hizo zote ni ahadi. Mwenye kuzitoa si kijana mwenyewe. Ni sisi watazamaji tunaoziona katika mwili wake, kisha tunamdai azilipe. Walker hakumwambia mtu kwamba atafanya saki 15. Lakini kwa kuitwa wa kwanza mbele ya mwenye 14, alibebeshwa deni ambalo hakulikopa, na kila Jumapili watu walimlinganisha na yule wa Detroit. Hutchinson yeye alikuwa amekwisha kulipa mbele ya kuitwa. Haki inataka aliyelipa aitwe kwanza, na mwenye ahadi aitwe kisha yeye, apewe muda wa kukua bila masimango.

Lakini tunaongeza sharti moja, nalo tulifundishwa na yule mwenzetu wa kimya: anayehesabu kazi ya mtu ahesabu ile aliyotumwa, si ile aliyotumwa mwingine. Kama Jacksonville wangesema, «Tumetazama kila mechi, tumeona namna alivyoshika njia, na tunataka kazi hiyo,» tungewaheshimu hata kama hatukubaliani. Kusema tu «tumepima mkono wake», hapana.

Kwa nini tunasumbuka na mambo ya Jacksonville, sisi tulio mbali hivi? Kwa sababu mwaka uliopita sisi wenyewe tulikuwa Jacksonville.

Tulipochagua ekipe ya darasa kwa mashindano ya ndani, kijana mmoja mrefu alikuwa amefika karibuni, mwenye mbio. Tulimwona akikimbia mara moja tu, tukasema: huyu. Tukamtoa beki aliyekuwa akija mazoezini kila siku, hata siku za mvua, ambaye alikuwa mfupi na hakuwahi kufunga goli. Hatukujiuliza kwamba kazi yake haikuwa kufunga. Yule mrefu alicheza kwa kadiri yake, tukamzomea, sababu hakuwa kama tulivyoota. Na yule mfupi hakulalamika. Aliacha tu kuja uwanjani. Hivi tukawaumiza wawili kwa siku moja: mmoja kwa kumnyima, mwingine kwa kumpa kisichokuwa chake. Hakuna mkubwa aliyetulazimisha. Kalamu ilikuwa mkononi mwetu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo kwa wakapiteni wote wa madarasa, mbele ya mashindano yajayo. Kabla ya kusoma majina ya waliochaguliwa, kapiteni aseme mbele ya wote juu ya kila mmoja: alitumwa kazi gani, na aliifanya namna gani. Asiyeweza kusema hivyo juu ya mtu, asimwandike wa kwanza. Amwandike wa nane au wa tisa, na amwache akue.

Walimu wetu nao tunawaomba, kwa heshima yote, watusahihishe kama tumekosea. Na yule mwenzetu mfupi, kama anasoma ukurasa huu, ajue kwamba jina lake lilitajwa jioni ile katika refektware, na hakuna aliyecheka. Mazoezi ni Jumatano saa kumi. Tunamngojea.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa sita