Kabla Hujanunua Gurudumu la Wilbaro

Leo twende uani, pale wilbaro ilipoegemezwa ukutani kwa sababu gurudumu limekwisha. Usiitupe, wala usikimbilie kununua nyingine. Ikiwa bodi na mikono ni mizima, unachohitaji ni gurudumu tu. Ila lichague kwa kufikiria njia litakayopita na mtu atakayesukuma. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, au kijana anayetumwa maji. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, na gurudumu likigoma, mzigo huo unahamia mikononi na mgongoni mwake.

Kuna gurudumu la mpira mtupu, lisilojazwa upepo. Hili halijui pancha, na kwa mchuuzi wa pale mjini Nakuru anayepita kwenye lami na saruji linatosha kabisa. Lipeleke Molo au Njoro wakati wa mvua, uone litakavyozama topeni. Penye mawe nako, kila mtikiso unafika viganjani. Shambani tairi pana la upepo ndilo nafuu.

Shida ya tairi la upepo ni miiba. Wakazi wa Gilgil na Naivasha wanaijua miiba ya migunga! Wengine hukata tairi kuukuu la baiskeli wakalitandika ndani, kati ya tyubu na tairi. Pancha haziishi, lakini hupungua.

Uendapo dukani, beba gurudumu la zamani. Ubavuni mwa tairi utasoma namba kama 3.50-8 au 4.00-8: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipimo cha rimu, zote kwa inchi. Pima pia unene wa ekseli na urefu wa kitovu cha gurudumu, kwa maana hapo ndipo watu wengi hurudi nyumbani na kitu kisichoingia. Tangu wilbaro iwe nembo ya chama cha UDA katika uchaguzi wa 2022, kila mtu ni mjuzi wa wilbaro, lakini wanaochungulia ekseli ni wachache.

Na kabla ya kutoa pesa, shika gurudumu ulitikise huku na huku. Likicheza, huenda tairi halina kosa lolote, ni bushi zilizolika. Fundi wa jua kali atakutengenezea nyingine kwa bei ndogo kuliko ya gurudumu zima, nawe uzipake grisi mara kwa mara.

Sasa nisikilize vizuri, hasa wewe mwenye vijana wanaopenda kufungua vitu. Rimu nyingi za wilbaro ni vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa bolti. Ukilegeza bolti hizo tairi likiwa na upepo, vipande vinaweza kuruka na kukuvunja mkono au kukupasua uso. Toa upepo wote kwanza, hata ung'oe kichwa cha valvu, ndipo ushike spana. Wakati wa kujaza, soma kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Mengi hayataki zaidi ya pauni 30 hivi kwa inchi ya mraba. Mashine ya upepo ya kituo cha petroli, inayojaza malori, hupita kiwango hicho kufumba na kufumbua. Pampu ya mkono inatosha, na mtoto asisimame ubavuni mwa gurudumu.