TAARIFA YA TAWI: ANAYEPUNGUZWA KAZI ANA HAKI, HAOMBI HURUMA



Kuna maneno tunayasikia hata kwenye vikao vyetu: "Kiwanda kikifunga, kijana arudi nyumbani alime." Tawi linayakataa. Alime wapi? Machochwe tumepakana na Hifadhi ya Serengeti; watoto wanaongezeka, shamba la baba ni lile lile. Anayepunguzwa Musoma, Mwanza au Dar es Salaam, mzigo wake unatuangukia sisi. Ng'ombe anauzwa ili ada ilipwe.

Mkoa wetu unalijua somo hili. Mutex ya Musoma ilikuwa kiwanda cha nguo cha umma, na pamba tunalima hapa hapa Mara. Kiwanda kilianguka. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia nafuu za soko la AGOA, Tanzania ikarudi nyuma. Hatusemi mitumba ipigwe marufuku kesho. Wengi tunaivaa, wengine tunaiuza mnadani. Tunasema hasara ya maamuzi ya wakubwa isibebwe na mfanyakazi peke yake.

Tupige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha angalau siku 7 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, lakini inahesabu miaka 10 tu. Aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70. Aliyefanya miaka 25 anapata siku 70 zile zile. Miaka 15 ya jasho, sifuri! Bila ukomo huo angepata siku 175.

Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka. Hata kwenye ritongo mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Barua ya Ijumaa, geti limefungwa Jumatatu: huko si kushauriana.

Msimamo wetu, ambao tunaupeleka Kata:
1. Ukomo wa miaka 10 uondolewe.
2. Mwajiri asiyewasilisha michango ya NSSF abanwe wakati kiwanda bado kinafanya kazi, si baada ya mali kuuzwa.
3. Viongozi wetu waache kuhesabu viwanda vinavyozinduliwa tu. Wahesabu na vinavyofungwa.

Kwa sasa, mwenye ndugu aliyepunguzwa amwambie asisaini karatasi asiyoielewa. Alete mkataba, hati za mshahara na barua ya kuachishwa ofisi ya tawi, tukae naye tupige hesabu bure. Asichelewe: anayepinga kuachishwa ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Tafadhali wasomeeni wazee wasio na simu.

Katibu wa Tawi,
Machochwe